Siku Fuso la Mzee Sharifu Lilipoteka Redio za Soni

Jumanne, tarehe 17 Juni 2008. Asubuhi hiyo Kwai ilikuwa na ukungu mzito na manyunyu ya baridi. Nilikamua ng'ombe wangu wawili kwa kupapasa, na mmoja nilimkamua mara mbili nikidhani ni mwenzake.

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chini ya dashibodi ya Fuso, nikinusa harufu ya kuungua. Nawashukuru walioandika kuuliza kama nilipona. Nilipona. Kilichoungua ni waya. Fuso lina umeme wa volti ishirini na nne, redio ya satelaiti inataka kumi na mbili, na mimi nilikuwa nimeviunganisha hivyo hivyo kwa imani.

Kwa msomaji anayeingia leo: naitwa Yusta, watu huniita Mama Glory. Nina miaka arobaini na saba. Shule niliiacha darasa la tano. Mwaka jana nilianza masomo ya jioni ya umeme wa magari pale Lushoto mjini, nami ndimi mwanamke pekee darasani. Mwalimu Benjamini ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, kwa hiyo kila jioni ananiamkia shikamoo halafu ananipa sifuri.

Mtihani wangu wa kwanza wa vitendo nilifunga king'ora cha wezi kwenye gari la mchungaji. Kililia ibada nzima ya kipaimara. Wa pili nilitengeneza taa za trekta la chuo, na tangu siku ile trekta linapiga honi kila likikanyagwa breki.

Sheria ya chuo ni mitihani mitatu. Ukianguka wa tatu, jina linafutwa.

Vyeti nilivyo navyo nimepewa na kanisa: ubatizo, kipaimara, ndoa. Vyote nilipewa bila kuulizwa swali gumu. Hiki cha chuo nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na Mungu anajua, maana nimemsumbua nacho.

Mtihani wa tatu ndio huu. Mzee Sharifu hununua kabichi na karoti huku milimani na kuzipeleka Dar es Salaam. Fuso lake limetoka Japani likiwa na redio yake ya kiwandani, nzuri, yenye sauti ya kujaza kabini. Ubaya wake, namba zake zinaishia tisini. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Na hata zile chache zinazoshikika, ukiingia kona za kati ya Soni na Mombo zinakufa.

Mkwe wake aliyeko ng'ambo akamletea redio ya satelaiti: kisanduku kidogo, na antena bapa yenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

"Sitaki uitoe redio ya gari," Mzee Sharifu aliniambia. "Nataka hii mpya isemee ndani ya ile ile."

Karatasi ya mtihani ilikuwa na masharti mawili. Redio isikike bila kukatika kutoka Lushoto hadi Mombo na kurudi. Mwenye gari asaini kwamba ameridhika. Nilitakiwa kuifikisha mezani kwa mwalimu kabla ya saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, nikisali kwa sauti.

"Shikamoo, Mama Glory," alisema Idrisa, dereva, akichungulia.

"Marahaba. Subiri nimalize."

"Unamwambia nini Mungu?"

"Aniongoze mikono."

"Mwambie na fyuzi. Jana ulizimaliza zote."

Safari hii nilikuwa na konvata, kile kidude cha kushusha volti ishirini na nne kuwa kumi na mbili. Nilikifunga, nikafunga macho, nikamwambia Idrisa awashe. Taa ya kijani ikawaka. Hakukunuka kitu. Niliimba ubeti mzima nikiwa bado nimelala.

Sasa nieleze jambo moja, maana balaa lote lilitokea hapo.

Redio ya Fuso haina tundu la kuchomekea kitu kingine. Njia iliyobaki ni transmita ndogo ya FM, kama kidole gumba. Inachukua sauti ya satelaiti na kuirusha hewani pima moja tu, redio ya gari inaidaka kama inavyodaka stesheni yoyote. Wewe unachagua namba isiyokuwa na mtu. Nilizungusha redio yangu nyumbani Kwai, nikakuta themanini na nane nukta tano iko kimya kabisa, hata mkwaruzo hakuna. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu.

Kwai iko nyuma ya mlima. Hilo sikulifikiria.

Tuliondoka Lushoto saa tatu. Idrisa kwenye usukani, Mzee Sharifu dirishani na kofia yake safi, mimi katikati na koleo mapajani. Antena nilikuwa nimeiegemeza juu ya kabini ikitazama magharibi, sawasawa na picha iliyokuwa kwenye boksi.

Redio ikasema. Mtangazaji mwenye sauti nene, sijui yuko nchi gani, alikuwa akisoma habari za bei ya karafuu kwa Kiswahili kilichonyooka.

Mzee Sharifu alinigeukia taratibu. "Huyu mtu yuko angani?"

"Yuko angani, mzee."

Kona ya kwanza, mtu wa angani akanyamaza. Kona ya pili, akarudi. Ya tatu, kimya.

"Inapenda kona za kushoto," alisema Idrisa.

"Itazoea," nilisema.

"Mama, kabichi zangu haziendi Dar kwa kona za kushoto tu," alisema Mzee Sharifu.

Niliomba gari lisimame. Nikapanda juu ya kabini kwenye manyunyu, Idrisa akinishikia miguu huku ametazama pembeni kwa heshima. Nilisali. Nikakumbuka somo la Aprili, kwamba ile picha ya kwenye boksi ni ya watu wa mbali na hapa, na kwamba sisi huku satelaiti ile tunayo karibu na utosi. Nikailaza antena chali, bapa, nikaifunga kwa waya wa kuzungushia.

Kona ya nne, inasema. Ya tano, inasema. Ya sita Idrisa aliikata kwa nguvu makusudi, tukamlalia Mzee Sharifu wote wawili, na mtu wa angani hakutikisika hata silabi.

Mzee Sharifu akaanza kucheka. Anacheka bila sauti, mabega tu. Nami nikaanza. Idrisa akapiga honi kwenye daraja ambalo halikuwa na mtu wala mbuzi.

Tulipokaribia Soni pakatokea mkwaruzo. Kulikuwa na mtu wa angani, na juu yake kipande cha wimbo, halafu mama mmoja akitaja dawa ya meno, halafu mtu wa angani tena. Tulivyoshuka kuelekea Mombo ukapotea.

"Kwenye karatasi imeandikwa bila kukatika," alisema Mzee Sharifu.

"Haikukatika, mzee. Imekwaruza."

"Masikio yangu hayajui tofauti."

Mombo tuliegesha pembeni ya barabara kuu, joto likatuvaa kama blanketi. Nikavua sweta, nikafikiri. Nilijiambia kwamba transmita yangu ni dhaifu, sauti haifiki vizuri kwenye redio. Mtu akiwa na sauti ndogo unamwinua aonekane. Basi nilichukua waya mrefu, nikaunganisha transmita na ile antena ya Mzee Sharifu ya pembeni ya kabini, chuma kirefu alichokifunga miaka iliyopita akitafuta stesheni. Kinapita urefu wa turubai.

Nilifanya kwa moyo mweupe. Nilitaka mawimbi yapate hewa.

Tukapanda kurudi. Sikilizeni, ndugu zangu: sauti ilikuwa kama maji ya kisima. Kona zote, kushoto na kulia. Tuliingia Soni saa sita na nusu, jua limetoka, soko limejaa, na hapakuwa na mkwaruzo hata wa kuwasha sikio.

Mzee Sharifu hakungoja Lushoto; aliweka karatasi juu ya gunia la karoti lililokuwa likisubiri kupakiwa, akasaini jina lake lote pamoja na la baba na la babu.

"Hongea, mwanangu," alinipongeza kwa Kishambaa, na macho yake yalikuwa na maji.

Nilichukua ile karatasi, nikaibusu, nikaiingiza kifuani. Nilikuwa nimefaulu. Mama wa darasa la tano amefaulu.

Idrisa alisema twende kwa Hidaya tunywe chai. Hidaya ana kibanda mkabala na pale magari yanapopakia. Nilikuwa sijaketi vizuri, nikasikia mtu wa angani anazungumza ndani ya kibanda.

Nilitazama redio ya Hidaya juu ya kabati. Nikatazama Fuso hatua thelathini nje, milango wazi. Sauti ilikuwa moja.

"Hidaya, unasikiliza nini?" nilimuuliza.

"Hata sijui. Nilikuwa na redio ya mkoa, namba yangu ya siku zote. Ghafla akaja huyu. Ila ana sauti nzuri, nimemwacha."

"Namba gani?"

"Themanini na nane nukta tano. Soni nzima tuko hapo."

Niliinuka kabla chai haijafika.

Nilitoka nje. Kwa fundi cherehani, mtu wa angani. Kwa muuza mitumba, mtu wa angani. Mzee mmoja amebeba redio begani, amesimama katikati ya njia, akiipiga kofi kidogo ubavuni, na mtu wa angani anamsomea bei ya karafuu.

Muuza mitumba ndiye aliyeuona waya. Aliufuata kwa kidole, kutoka mlango wa Fuso mpaka kwenye kile chuma kirefu. "Jamani," alisema, "redio yenyewe hii hapa."

Wakati wa kusema ukweli ulikuwa huo. Idrisa akaniwahi.

"Ndiyo," alisema, uso mkavu. "Redio ya gari. Mkurugenzi ni Mzee Sharifu, fundi mitambo ni Mama Glory, mimi nasoma habari za barabara."

Alitania tu, lakini soko halina sikio la utani. Kwa dakika tano tulikuwa tumezungukwa. Watu walikuwa wanampa Mzee Sharifu mkono. Wengine walimwita mkurugenzi, naye kwanza alikataa, mara ya pili hakusema kitu, mara ya tatu aliweka kofia sawa.

"Mnapokea salamu?" aliuliza Hidaya, mwiko wa sambusa mkononi. "Miaka minne nanunua kadi za salamu, nazituma redio ya mkoa, sijasomwa hata siku moja."

"Tunapokea," alisema Idrisa. Akaingiza kichwa ndani ya kabini, akaiambia ile redio: "Bwana, msalimie Hidaya wa chai."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mtu wa angani alikuwa amemaliza karafuu, ameanza kipindi cha salamu za wasikilizaji wake, wa visiwani na wa Arabuni na wa baharini.

Akasoma moja, akasoma ya pili. Akasema, "Na salamu hizi zimfikie Bi Hidaya popote pale alipo, aambiwe hajasahaulika."

Ilitokea kwenye redio zote za Soni kwa wakati mmoja.

Hidaya aliangusha mwiko. Akakaa chini, juu ya ndoo, akafunika uso kwa khanga. "Hajasahaulika," alirudia. "Mmesikia? Mimi sijasahaulika."

Soko lilipasuka. Sijaona kitu kama kile tangu nizaliwe. Watu walikimbia kuchana makaratasi. Walileta salamu nyuma ya pakiti za chumvi, kwenye viganja, kwenye jani la kabichi. Mmoja alitaka asalimiwe mke wake aliyekuwa amesimama pembeni yake. Mwingine alitangaza ndama aliyepotea, mwenye baka jeupe na tabia mbaya. Kijana mmoja alitaka wimbo, na alipoambiwa hakuna nyimbo akaanza kuuimba mwenyewe akielekeza mdomo kwenye ile antena.

Mzee Sharifu alipanda juu ya magunia. "Mpange mstari," aliwaambia. "Hatuwezi kusoma bila mstari."

"Mzee," nilimnong'oneza, "ni waya wangu. Nimeuunganisha mahali siko. Tunafunika redio ya mkoa. Niutoe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ashuke kwenye gari la harusi yake. "Uutoe? Niliomba redio ya kufika Mombo, Mwenyezi Mungu kanipa ya soko zima. Tena nimeshasaini."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo penye toba yangu.

Nilinyamaza. Nilijua saa hiyo hiyo kwamba kazi yangu ina kosa. Lakini karatasi ilikuwa kifuani imeshasainiwa, na kwenye karatasi hakukuandikwa chochote kuhusu redio za watu wengine. Nilihesabu moyoni: tunywe chai, tuondoke Soni, tukifika Lushoto niutoe waya polepole, nipeleke karatasi. Nani angejua? Hidaya aliniletea sambusa tatu za bure, kwa heshima ya fundi mitambo. Nilizila zote. Zilikuwa tamu, na nilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu zaidi kuiandika.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa bibi mmoja mfupi, redio yake imefungwa mgongoni kwa khanga kama mtoto. Watu walimpisha. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Jenoveva. Nimeteremka kutoka kule juu." Alionyesha mlima kwa kidevu. "Sina salamu. Nauliza tu. Hao wa kwenu, vifo wanasoma saa ngapi?"

"Vifo?"

"Redio ya mkoa inasoma saa saba. Kaka yangu Valentino amefariki juzi huko Handeni. Walituma neno kwamba siku ya kuzika itatangazwa redioni leo, ili mimi nijue lini nianze safari. Kule kwangu haishiki, ndiyo nikashuka hapa." Alitabasamu kidogo, kuniondolea hofu. "Sasa nimekuta mmekuja nyie. Mimi sina neno. Nasubiri tu msome."

Nilitazama saa ya Idrisa. Saa saba na dakika kumi na tano.

Nilipita katikati ya watu, nikapanda kabini, nikaushika ule waya kwa mikono miwili na kuuvuta. Ulikatika na kipande cha plastiki ya dashibodi.

Soko lote lilikwaruza mara moja. Halafu, kwenye redio zote, akaingia mwanamke wa redio ya mkoa, sauti ya pole:

"...na wengine wote popote walipo. Huo ndio mwisho wa matangazo ya vifo kwa siku ya leo."

Ukafuata muziki.

Bibi Jenoveva alikuwa ameifungua redio mgongoni, ameiweka sikioni. Alisikiliza muziki ule mpaka ukaisha. Kisha akanitazama, hakunilaumu, na heri angenilaumu.

"Nadhani wameshasoma," alisema.

"Wameshasoma, bibi."

"Shikamoo, Mama Glory," alisema mtu nyuma yangu.

Nilijua sauti ile. Inaniamkia kila jioni. Mwalimu Benjamini alikuwa amesimama na mfuko wa viazi, na jinsi viazi vilivyokuwa vimemlemea nikajua hakufika sasa hivi.

"Marahaba, Mwalimu."

"Mwenye gari amesaini?"

"Nimesaini," alisema Mzee Sharifu kutoka juu ya magunia. "Jina langu, la baba na la babu."

"Basi sharti la saini limetimia," alisema Mwalimu Benjamini. Hakupandisha sauti. "Nimekaa kwa kinyozi pale tangu saa saba kasoro. Nimesikia nilichosikia. Lakini mtihani ni wa kwako, Mama Glory. Nikuulize kama ninavyouliza wanafunzi wote. Kazi yako ni nzima?"

Watu wakasogea karibu. Hata yule kijana wa wimbo.

Ningeweza kusema ndiyo. Waya ulikuwa umeshatoka, karatasi ilikuwa kifuani. Niliomba kwa haraka, sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, neno moja tu: Bwana.

"Si nzima," nilisema. "Na nilijua. Nimejua tangu sambusa ya kwanza."

Nikawageukia watu, nikasema yote. Kwamba hakuna redio ya gari. Kwamba mtu wa angani hajui kama kuna mahali panaitwa Soni. Kwamba niliunganisha waya kwenye antena ya nje, kwenye namba ile ile ya redio yao, kwa kuwa niliipima Kwai ambako haishiki. Hidaya alisikiliza amekunja mikono.

"Na salamu zangu?" aliuliza.

"Hidaya yule ni mwingine, dada yangu. Nisamehe."

Alifikiri. "Nimeshalia," alisema. "Sasa machozi nitayarudishaje?"

Kuna waliocheka, naye akacheka nao, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mzee Sharifu hakucheka. Aliteremka kwenye magunia, akaja, akanyoosha mkono. Nikatoa karatasi kifuani, nikampa. Akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Mimi nilisaini redio inayosikika," alisema. "Bila ule waya inakwaruza hapa Soni. Rudisha waya, narudisha saini."

"Akirudisha waya," alisema Mwalimu Benjamini, "mimi siipokei hiyo karatasi."

"Basi mwalimu, mfundishe."

"Siku ya mtihani sifundishi, mzee. Namtazama tu."

Walikuwa wanazungumza juu ya kichwa changu kama wazee wa mahari. Idrisa alinisogelea. "Mama Glory," alisema taratibu, "panda twende zetu. Utasoma kitu kingine. Ushonaji."

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Bibi Jenoveva alikuwa ameanza kuifunga redio yake mgongoni, na khanga ilimshinda. Nilimfungia. Ilikuwa nyepesi mno, redio ile.

Nikapanda kwenye kipandio cha Fuso, nikashika mlango, nikainua mkono wa kulia, ule wenye namba iliyoandikwa kiganjani.

"Nisikilizeni wote," nilisema. "Mzee Sharifu, Mwalimu, Hidaya, na nyote mliopo hapa. Kabla ya saa kumi na moja jioni leo, redio hii itasema ndani ya kabini bila mkwaruzo, na haitasikika nje hata kwa sisimizi, na Mzee Sharifu atasaini tena kwa hiari yake. Na kabla ya saa hiyo hiyo, Bibi Jenoveva atakuwa anajua siku ya kumzika kaka yake, nami mwenyewe ndiye nitakayemwambia. Nikishindwa moja kati ya hayo, Mwalimu, futa jina langu, na mtu yeyote wa Soni akiniona nimeshika koleo aninyang'anye. Nimeahidi mbele za Mungu na mbele yenu."

Nusu ya soko ikaitika Amina. Nusu nyingine ikaitika Inshallah.